Kusanidi aksesi pointi kwa amri tupu: mwongozo kamili wa OpenWrt kupitia SSH

Aksesi pointi moja, yaani kifaa cha kurusha Wi-Fi, unaweza kuisanidi kwenye kivinjari na maisha yakaendelea. Shida huanza zikifika nne au tano. Unabofya, unahifadhi, unasubiri ukurasa ufunguke, unahamia nyingine, na jioni huwezi kuapa kama ile ya tatu uliipa chaneli 6 au 11. Kwenye mstari wa amri, unaoufikia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kifaa kutoka laptopu), kila ulichofanya ni maandishi. Unayasoma kabla hayajaanza kazi, unayahifadhi, na kesho unayabandika kwenye kifaa kingine.

Hapa nitatumia OpenWrt, ambayo ni mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya ruta na aksesi pointi. Nimeuchagua kwa sababu unawekwa kwenye vifaa vya watengenezaji wengi, na ukizijua amri zake kwenye kifaa kimoja umezijua kwenye vyote. Nachukulia kwamba OpenWrt tayari imo kwenye kifaa chako, toleo la miaka ya karibuni, na kwamba una ruta nyingine inayoleta intaneti. Tunachotaka ni aksesi pointi halisi: ipokee watu kwa Wi-Fi, iwapitishe kwenye waya, mengine yote iiachie ruta kuu.

Usiruke wala kugeuza mpangilio wa hatua. Mimi niliwahi kuanza na anwani ya IP, nikakosea tarakimu moja, na kifaa kilikuwa kimeshapigiliwa kwenye dari. Nikaenda kutafuta ngazi. Tangu siku hiyo, lolote linaloweza kunikatia mawasiliano nalifanya mwisho, na nalifanya nikiwa nimejiwekea njia ya kurudi nyuma. Utaiona hiyo njia mbele kidogo.

## Kuingia mara ya kwanza

Usiunganishe kifaa kipya kwenye mtandao wako bado. OpenWrt huanza na anwani 192.168.1.1, na huenda ruta yako kuu inatumia hiyohiyo. Chomeka waya kutoka kwenye laptopu hadi tundu la LAN (la mtandao wa ndani) la aksesi pointi, vifaa viwili tu. Laptopu ipe anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.10 yenye netmaski 255.255.255.0. Utashawishika kuacha ijipatie anwani yenyewe, na kwa sasa itapata, lakini baadaye tutazima huduma ya kugawa anwani na laptopu itabaki bila kitu.

Zima Wi-Fi ya laptopu pia, isije ikakupeleka kwenye ruta kuu ukidhani uko kwenye kifaa kipya. Kisha:

```
ssh root@192.168.1.1
```

Utaulizwa kama unaukubali ufunguo wa kifaa; jibu yes. Kama uliwahi kuingia kwenye kifaa kingine chenye anwani hiyohiyo, SSH itakupigia kelele kwamba utambulisho umebadilika na itakataa kuendelea. Ikiwa una uhakika kifaa kilicho upande wa pili wa waya ni chako, futa kumbukumbu ya zamani kwenye laptopu kisha urudie:

```
ssh-keygen -R 192.168.1.1
```

Kifaa kipya hakina nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu. Liweke kabla ya jambo lingine lolote kwa amri ya `passwd`. Unapochapa hakuna kitakachoonekana kwenye skrini, hata nyota. Ndivyo inavyotakiwa.

Kipe na jina. Ukiwa na madirisha matatu ya terminali yamefunguka, jina lililo mwanzo wa mstari ndilo litakalokuzuia kuwasha upya kifaa kisichokusudiwa:

```
uci set system.@system[0].hostname='ap-ukumbi'
uci commit system
/etc/init.d/system reload
```

Kama unaingia mara kwa mara, weka na ufunguo wa SSH ili usichape nenosiri kila safari. Amri hizi mbili ni za kwenye laptopu:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh root@192.168.1.1 "tee -a /etc/dropbear/authorized_keys" < ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

## uci inavyofanya kazi

Mipangilio yote ya OpenWrt iko kwenye mafaili ya maandishi ndani ya `/etc/config`: `network`, `wireless`, `dhcp`, `firewall`, `system` na mengine. Unaweza kuyafungua kwa `vi` ukahariri mwenyewe, na wapo wanaopenda hivyo. Mimi napenda `uci`, programu ya OpenWrt ya kuhariri mafaili hayo, kwa sababu ina rasimu. Ukichapa `uci set`, badiliko linakaa pembeni kwanza. `uci changes` inakuonyesha rasimu yote. `uci commit` inaiandika kwenye faili. `uci revert wireless` inaitupa. Na hata baada ya `commit`, huduma yenyewe haitabadilika mpaka uiamuru isome upya.

Kwa hiyo kuna mahali pawili pa kusimama na kujiuliza kabla ya kuharibu. Patumie pote pawili. Asilimia kubwa ya makosa yangu nimeyakamata kwenye `uci changes`: radio0 mahali pa radio1, herufi iliyoruka, nukuu isiyofungwa.

## Redio

Tazama kilichopo:

```
uci show wireless
```

Utapata kitu kama hiki kwa kila redio:

```
wireless.radio0=wifi-device
wireless.radio0.type='mac80211'
wireless.radio0.band='2g'
wireless.radio0.channel='1'
wireless.radio0.htmode='HE20'
wireless.radio0.disabled='1'
wireless.default_radio0=wifi-iface
wireless.default_radio0.device='radio0'
wireless.default_radio0.network='lan'
wireless.default_radio0.mode='ap'
wireless.default_radio0.ssid='OpenWrt'
wireless.default_radio0.encryption='none'
```

Kuna vitu viwili tofauti humo. `radio0` ni chombo chenyewe: chaneli, upana, nguvu. `default_radio0` ni mtandao unaorushwa na chombo hicho: jina, nenosiri, usalama. Redio moja inaweza kurusha mitandao kadhaa, lakini yote itakaa kwenye chaneli moja. Angalia mstari wa `band` kabla ya kuendelea, maana kwenye vifaa vingine radio0 ndiyo ya 5 GHz. Mifano yangu inachukulia radio0 ni 2.4 na radio1 ni 5.

Anza na nchi. Herufi mbili za nchi ndizo zinazoiambia redio chaneli zipi ni halali na nguvu isizidi ngapi. Zikikosekana, mfumo unashika kanuni za chini kabisa na baadhi ya chaneli za 5 GHz hazitafanya kazi. Badala ya XX, weka herufi za nchi ulipo kweli. Kuweka za nchi nyingine ili upate nguvu zaidi ni kuvunja sheria, na kama utakavyoona chini, hakukusaidii.

```
uci set wireless.radio0.country='XX'
uci set wireless.radio1.country='XX'
```

Sasa chaneli, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye tofauti kati ya Wi-Fi inayokwenda na ile inayolalamikiwa kila siku.

Kwenye 2.4 GHz, chaneli zimepangwa kwa hatua za MHz 5, lakini mawimbi yenyewe yana upana wa MHz 20. Chaneli 1 ina kitovu chake kwenye 2412, ya 6 kwenye 2437, ya 11 kwenye 2462. Hizo tatu ndizo zinazokaa bila kukanyagana. Mtu akiona 1 na 6 zimejaa, hujiambia atajibana kwenye 3, katikati. Ni kosa. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikiana na kupokezana zamu, kama watu wanaoongea kwa adabu barazani. Aliye kwenye 3 hasikilizani na wa 1 wala wa 6. Kwao yeye ni kelele, na kwake wao ni kelele, kila mmoja anarudia pakiti zake. Afadhali kushiriki chaneli 6 na majirani watatu kuliko kukaa kwenye 3. Na upana usizidi 20 huku. Ukiweka 40 umechukua karibu nusu ya bendi nzima.

Kwenye 5 GHz kuna nafasi. Chaneli 36, 40, 44 na 48 ni rahisi: unawasha, zinaanza. Upana wa MHz 80 unazimeza zote nne kwa pamoja. Kuanzia 52 hadi 144 unashiriki anga na rada, kwa hiyo redio lazima isikilize kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na kwenye chaneli za rada za hali ya hewa kanuni za Ulaya zinadai dakika 10 nzima. Ukiweka chaneli 100 na mtandao usionekane papo hapo, usianze kubomoa mipangilio. Chungulia kumbukumbu za kifaa kwa `logread`, utakuta `DFS-CAC-START`. Rada ikisikika baadaye, redio itahama chaneli na haitarudi pale kwa nusu saa. Kwa mahali ambapo watu wako kwenye simu za video, hilo peke yake linanitosha kubaki kwenye 36 hadi 48 kama hazijasongamana.

Amri hii inaorodhesha chaneli unazoruhusiwa, na ya pili inaonyesha majirani, mradi redio iwe imewashwa:

```
iwinfo radio1 freqlist
iwinfo radio0 scan
```

Kuhusu nguvu: dBm 20 ni miliwati 100, na kila dBm 3 zikiongezeka nguvu inakuwa karibu mara mbili. Wengi hupandisha hadi mwisho. Lakini mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili, na simu iliyo mfukoni haikuongezewa chochote. Aksesi pointi inapiga kelele, simu inaisikia vizuri na kuonyesha ishara imejaa, ila jibu lake halifiki. Kama una aksesi pointi zaidi ya moja, punguza.

```
uci set wireless.radio0.channel='6'
uci set wireless.radio0.htmode='HE20'
uci set wireless.radio0.txpower='14'
uci set wireless.radio0.disabled='0'

uci set wireless.radio1.channel='36'
uci set wireless.radio1.htmode='HE80'
uci set wireless.radio1.txpower='20'
uci set wireless.radio1.disabled='0'
```

HE ni ya vifaa vya Wi-Fi 6. Kama kifaa chako ni cha zamani, tumia HT20 kwenye 2.4 na VHT80 kwenye 5. Amri ya `iwinfo radio1 htmodelist` itakuambia kinachokubalika.

## Jina la mtandao na usalama

Jina lisizidi baiti 32. Nenosiri liwe na herufi 8 hadi 63. Lifunge kwa nukuu moja moja, si mbili mbili: ndani ya nukuu mbili, alama ya `$` inageuzwa na shelli kuwa jina la kigeuzi, na nenosiri lako `Mvua$Kubwa77` litaingia kama `Mvua` tu. Utachapa sahihi, kifaa kitahifadhi kingine, na utatafuta kosa kwenye redio kwa saa nzima.

```
uci set wireless.default_radio0.ssid='Barazani'
uci set wireless.default_radio0.encryption='sae-mixed'
uci set wireless.default_radio0.key='weka nenosiri refu hapa'
uci set wireless.default_radio0.ieee80211w='1'
uci set wireless.default_radio0.disabled='0'

uci set wireless.default_radio1.ssid='Barazani'
uci set wireless.default_radio1.encryption='sae-mixed'
uci set wireless.default_radio1.key='weka nenosiri refu hapa'
uci set wireless.default_radio1.ieee80211w='1'
uci set wireless.default_radio1.disabled='0'
```

`sae-mixed` inapokea kiwango cha usalama cha WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, pamoja na WPA2 kwa vifaa vya zamani. Vifaa vyako vyote vikiwa vipya, weka `sae`, na `ieee80211w` (ulinzi wa ujumbe wa usimamizi wa Wi-Fi) ipandishe iwe 2. Na ukikuta printa au kamera inayogoma kabisa kuunganika na mseto huo, rudi kwenye `psk2+ccmp` kwa redio ya 2.4 peke yake, ambako vifaa vya aina hiyo huishi. Lakini usiiguse TKIP, ule usimbaji wa zamani. Mbali na udhaifu wake wa usalama, viwango vya 802.11n kwenda mbele havikubali kwenda nayo, kwa hiyo inakurudisha kwenye kasi ya Mbps 54 na chini.

Soma rasimu, andika, washa:

```
uci changes wireless
uci commit wireless
wifi reload
```

Uko kwenye waya, kwa hiyo hakuna kitakachokatika. Fungua kumbukumbu zikitiririka, kisha unganisha simu:

```
logread -f
```

Ikikubali utaona `AP-STA-CONNECTED` ikifuatwa na anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya simu. Ikikosea nenosiri kwa WPA2 utaona `AP-STA-POSSIBLE-PSK-MISMATCH`. Mstari huo mmoja naupenda sana: simu yenyewe itakuambia tu kwamba imeshindwa kuunganika, lakini hapa unajua ni nenosiri, si redio, si umbali. Toka kwa Ctrl na C.

Simu kwa sasa itapewa anwani na aksesi pointi yenyewe na haitakuwa na intaneti. Sawa kabisa. Tumeshajua redio ni nzima.

## Kuzima kazi zisizo zake

Aksesi pointi ikiachwa inagawa anwani wakati ruta kuu nayo inagawa, utapata ugonjwa ambao kila mtu aliyefunga mitandao anaujua kwa sura: watu wawili wamekaa kiti kwa kiti, wote ishara imejaa, mmoja ana intaneti na mwingine hana. Baada ya saa moja wanabadilishana. Kinachotokea ni kwamba kila kifaa kinachukua jibu la kwanza kufika, na aliyejibiwa na aksesi pointi ameelekezwa kupita kwenye lango (anwani ya kutokea kwenda intaneti) lisilokwenda popote. Ukishuku hali hiyo, tazama lango ambalo simu imepewa. Kama si anwani ya ruta kuu, umempata mhalifu.

```
uci set dhcp.lan.ignore='1'
uci -q delete dhcp.lan.dhcpv6
uci -q delete dhcp.lan.ra
uci commit dhcp

for huduma in dnsmasq odhcpd firewall; do
  /etc/init.d/$huduma disable
  /etc/init.d/$huduma stop
done
```

Kuweka `ignore` na bado kuzima huduma kunaonekana ni kurudia, na kwa kweli ni kurudia. Nafanya yote mawili ili siku mtu akiiwasha dnsmasq, ile huduma ya kugawa anwani, kwa bahati mbaya, isianze kugawa anwani. Fayawoli hatuihitaji hapa kwa sababu trafiki ya watu inavuka kwenye daraja kutoka Wi-Fi hadi waya. Ulinzi wa kutoka nje unabaki kwa ruta kuu.

## Anwani, na mlinzi wa kukurudisha

Hatua hii ndiyo iliyonipeleka kwenye ngazi. Chagua anwani iliyo kwenye mtandao mmoja na ruta kuu lakini nje ya fungu inalogawa. Nachukulia ruta kuu ni 192.168.1.1 na tunataka aksesi pointi iwe 192.168.1.2.

Kwanza weka mlinzi. Anahifadhi mipangilio ya sasa, anasubiri dakika tano, na asiposimamishwa anarudisha kila kitu na kuwasha kifaa upya:

```
cp -a /etc/config /tmp/config.zamani
(trap '' HUP; sleep 300; cp -a /tmp/config.zamani/. /etc/config/; reboot) &
echo $! > /tmp/mlinzi.pid
```

Sehemu ya `trap` inamzuia asife pamoja na kikao chako cha SSH. Sasa badilisha bila papara, dakika tano ni nyingi:

```
uci set network.lan.proto='static'
uci set network.lan.ipaddr='192.168.1.2'
uci set network.lan.netmask='255.255.255.0'
uci set network.lan.gateway='192.168.1.1'
uci set network.lan.dns='192.168.1.1'
uci changes network
uci commit network
/etc/init.d/network restart
```

Terminali itaganda, kwa sababu anwani uliyokuwa ukizungumza nayo haipo tena. Usifunge dirisha: bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta, na SSH itakuachia. Ingia kwa anwani mpya na umsimamishe mlinzi:

```
ssh root@192.168.1.2
kill $(cat /tmp/mlinzi.pid)
```

Ukishindwa kuingia, kaa mikono mitupu usubiri. Usichomoe umeme! Mlinzi na nakala yake wanaishi kwenye `/tmp`, yaani kwenye RAM. Ukikata umeme umewaua wote wawili na mipangilio mibovu ndiyo itakayowaka. Ikifikia hapo, kimbilio lililobaki ni hali ya dharura ya OpenWrt: wakati kifaa kinawaka na taa inaanza kumeta, bonyeza kitufe cha kuweka upya, ingia kwa 192.168.1.1, chapa `mount_root` urekebishe faili, au `firstboot -y && reboot` uanze upya kabisa.

Lango na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) tumeziweka ingawa watumiaji hawazihitaji. Ni za kifaa chenyewe, kipate saa sahihi kutoka intaneti. Kumbukumbu zenye saa ya uongo hazikusaidii mtu akikuambia mtandao ulikatika saa tisa.

## Waya kuelekea ruta kuu

Chomeka LAN ya aksesi pointi kwenye LAN ya ruta kuu au swichi. Tundu la WAN (la upande wa intaneti) liache wazi. Ukilitumia, simu zitaunganika na Wi-Fi lakini hazitapata anwani. Kama unalihitaji tundu hilo, litie kwenye daraja, ukishahakikisha kwa `uci show network.@device[0]` kwamba hicho kifaa cha kwanza ni `br-lan`:

```
uci -q delete network.wan
uci -q delete network.wan6
uci add_list network.@device[0].ports='wan'
uci commit network
/etc/init.d/network restart
```

Waya mmoja tu. Nyaya mbili kutoka aksesi pointi moja kwenda swichi moja zinatengeneza mzunguko, na mtandao wote unaweza kulala.

Kagua kutoka kwenye kifaa:

```
ping -c 3 192.168.1.1
ping -c 3 openwrt.org
brctl show
iwinfo
```

`brctl show` inapaswa kuonyesha violesura vya Wi-Fi na vya waya chini ya `br-lan`. Kwenye matoleo ya karibuni Wi-Fi inaitwa `phy0-ap0` na `phy1-ap0`. Ya zamani yana `wlan0` na `wlan1`. Ping ya kwanza ikipita na ya pili ikagoma, tatizo ni lango au DNS. Zote zikigoma, anza na waya.

Kisha waulize walio hewani:

```
iwinfo phy1-ap0 assoclist
```

Namba ya kwanza baada ya anwani ya MAC ni nguvu ya simu jinsi aksesi pointi inavyoisikia. Karibu na -50 dBm ni raha. Hadi -67 hivi simu za sauti na video zinakwenda. Ikishuka chini ya -80, mtu huyo anateseka hata kama skrini yake inaonyesha ishara za kutosha.

## Nakala, na aksesi pointi ya pili

Hifadhi kazi yako, kisha uivute kutoka laptopu:

```
sysupgrade -b /tmp/ap-ukumbi.tar.gz
```

```
scp -O root@192.168.1.2:/tmp/ap-ukumbi.tar.gz .
```

Ile `-O` si pambo. Tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, `scp` inatumia SFTP chini kwa chini, na seva ya SSH ya OpenWrt, Dropbear, haina SFTP. Bila `-O` utapata kosa lisiloeleweka.

Kwa kifaa cha pili usirejeshe nakala hiyo nzima, la sivyo utakuwa na vifaa viwili vyenye anwani moja. Kusanya amri zote kwenye faili moja, na vinavyotofautiana viweke juu:

```
#!/bin/sh
JINA='ap-ghorofani'
IP='192.168.1.3'
CH24='11'
CH5='44'

uci batch <<EOF
set system.@system[0].hostname='$JINA'
set network.lan.ipaddr='$IP'
set wireless.radio0.channel='$CH24'
set wireless.radio1.channel='$CH5'
set wireless.radio1.htmode='HE40'
EOF
# zile uci set nyingine zote, na kitanzi cha kuzima huduma, hapa
uci commit
reboot
```

Uitume kwa `ssh root@192.168.1.1 'sh -s' < ap.sh`. Faili lina nenosiri la Wi-Fi, kwa hiyo `chmod 600`. Kila kifaa kipya kitaleta ile kelele ya utambulisho uliobadilika. Tumia `ssh-keygen -R` tena.

Umeona upana umeshuka hadi HE40. Kwa MHz 80, chaneli 36 na 44 ni fungu lilelile. Kwa 40 zinaachana, kwa hiyo ya kwanza nayo irudishe kwenye HE40.

Jina, nenosiri na aina ya usalama viwe sawasawa kwenye zote. Ukitaka simu zihame haraka zaidi, ongeza 802.11r kwa kila mtandao, na namba ya eneo iwe ileile kila mahali:

```
uci set wireless.default_radio1.ieee80211r='1'
uci set wireless.default_radio1.mobility_domain='4f57'
uci set wireless.default_radio1.ft_over_ds='0'
```

Baadhi ya vifaa vya zamani havipendi 802.11r, kwa hiyo iweke mwisho, baada ya mengine yote kuthibitika.

Halafu tembea. Fungua `logread -f` kwenye terminali mbili, moja kwa kila aksesi pointi, mpe mtu simu apande ghorofani polepole. Utaona `AP-STA-CONNECTED` ikitokea kwenye ya pili. Anayeamua kuhama ni simu, si aksesi pointi, na nyingine hung'ang'ania ya kwanza hadi zifike -80. Punguza `txpower` ya ile inayong'ang'aniwa kwa dBm 3, `uci commit wireless`, `wifi reload`, na mwambie apande tena.